Ngoma Iliyomngoja Mama Anne-Marie

Jirani mmoja wa Thamesmead, anaitwa Jeff, anadai kwamba Déogratias aliuawa na simu yake mwenyewe.

Anasimulia hivi. Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, na yeye Jeff alikuwa anakaanga mayai. Kupitia ukutani akamsikia Déogratias anagonga meza ya jikoni kwa vidole, tok, tok-tok, tok, kama kawaida yake. Wameishi ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja, Jeff amezoea. Mara kugonga kukakatika. Sauti ya Déogratias ikapanda: "Ngoja! Ngoja! Ngoja, wewe!" Halafu kiti kikaanguka. Halafu kimya. "Aligombana na simu mpaka moyo ukamwacha," anasema Jeff. Ameisema kwenye lifti. Ameisema kwenye foleni ya duka la samaki. Mpaka leo hajui maana ya neno ngoja, lakini analitamka vizuri kuliko watoto wetu wengi waliozaliwa hapa London.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Déogratias, mpiga ngoma. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Déogratias, mpiga ngoma wa kwaya ya lile kanisa linalokutana kwenye ukumbi wa shule, Thamesmead. Tumeanza na maneno ya Jeff kwa sababu yamewafikia wengi wenu, na kila yanapopita yanatiwa chumvi. Wiki jana yalirudi kwa mjane, Mama Léocadie, yakisema mumewe aliirusha kompyuta dirishani. Nyumbani kwao hakuna kompyuta.

Ukweli ni huu. Alianguka Jumamosi. Alifariki Alhamisi iliyofuata, hospitalini, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne. Mkewe alikuwa ameshika mguu wake wa kulia. Watu humshika mgonjwa mkono, lakini Léocadie alishika mguu. "Mikono ilijaa mipira ya dawa," anasema. "Na huo mguu ndio ulikuwa unapiga ile ngoma kubwa. Nilikuwa naungoja uguse." Daktari alisema moyo ulikuwa mgonjwa tangu zamani. Simu haikumuua mtu.

Lakini neno ngoja alilisema kweli. Hapo Jeff hakukosea. Sasa, nani aliambiwa angoje? Na alitakiwa amngoje nani? Hicho ndicho Léocadie anataka kijulikane, na ndicho kilichomtoa kwake leo, mabasi mawili na treni, akaja kukaa nasi.

Déogratias alizaliwa Uvira, mtoto wa nne kati ya saba. Ngoma zake za kwanza zilikuwa za kanisa, na kanisa halikuwa na kitu. Ngoma kubwa ilikuwa pipa la mafuta lililokatwa katikati na kuwambwa ngozi ya mbuzi. Pedali ya mguu ilitengenezwa na fundi wa baiskeli. Matoazi yalikuwa vifuniko vya masufuria ya mama yake. Dada yake Myriam, tuliyempata kwa simu, bado anacheka. "Jumapili mama alipika bila vifuniko. Wali ulikuwa na majivu juu. Nani angelalamika? Tungeambiwa tunamlalamikia Mungu."

Aliingia London mwaka elfu mbili na tano. Akangoja karatasi za ukaazi miaka sita. Alipozipata akaanza kazi ya kuosha mabasi kwenye karakana, na kazi hiyo hakuiacha mpaka mwisho. Ngoma alianza kupiga hata kabla ya karatasi. Miaka kumi na saba, kila Jumapili, kwenye ukumbi uleule wa shule, nyuma ya ngoma zilezile za kuazima. Miaka kumi na saba.

Alikuwa na kituko kimoja kilichowachosha wenzake. Kila Jumapili alizisogeza ngoma. Wanakwaya wanazipanga ukutani, yeye anakuja anazivuta mpaka kwenye pembe, zitazame njia ya katikati. Mwenyekiti wa kwaya, Ndugu Israël, aliuliza mara nyingi. "Papa Déo, ukuta umekukosea nini?" Naye anajibu, "Upepo, ndugu yangu. Pale kuna upepo." Ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha yote, upepo.

Sasa tumtaje Mama Anne-Marie. Ni mama mzee wa kanisa hilo, ana nyonga mbovu, anatembea kwa fremu ya chuma. Wakati wa matoleo, kama mjuavyo wengi wenu, watu wanatoka kwa mstari wakicheza mpaka kwenye kikapu mbele. Mama Anne-Marie hakubali bahasha yake ipelekwe na mtu. Anatoka mwenyewe, na fremu yake, katikati ya mstari, na kila Jumapili alifika kikapuni pamoja na wenzake, wimbo ukiwa bado unaimbwa. Kwa miaka kumi na saba hakuwahi kuachwa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Yeye mwenyewe hakujiuliza.

Mwaka jana kwaya iliamua kurekodi nyimbo kumi. Wakapata studio Tottenham, uani, nyuma ya gereji ya matairi. Mwenye studio ni Dhiren, Mhindi wa Kisumu, mtu mcheshi, Kiswahili anakipiga kama mtu wa sokoni. Utaratibu wa studio ni kwamba ngoma zinarekodiwa kwanza. Wengine wote wanafuata juu yake, gitaa, kinanda, sauti. Kwa hiyo Déogratias aliingia peke yake kwenye chumba cha kioo, maikrofoni tisa zimemzunguka, na masikioni amewekewa kliki, yaani ule mlio wa tik, tik, tik unaomhesabia mapigo. Léocadie alikaa kwenye kochi upande wa pili, na chakula kwenye mfuko.

Jumamosi ya kwanza ilikwisha bila wimbo hata mmoja.

"Mzee, umeiacha kliki nyuma," alisema Dhiren.

"Nimeiacha? Si itembee."

"Kliki haitembei, mzee. Kliki ndiyo saa."

"Saa ya nani?"

Jumamosi ya pili walipata nyimbo nne, kwa jasho. Wimbo wa matoleo ulikataa kabisa. Ukifika katikati anapotea, anatupa vijiti vya ngoma chini, anaomba radhi, wanarudia. Ndugu Israël alikuja akasimama mlangoni na koti lake. "Papa Déo, mbona kanisani unapiga vizuri?" Déogratias akaonyesha kuta zilizobandikwa sponji. "Kanisani naona watu. Hapa naona magodoro."

Jumamosi ya tatu alivua hedifoni, akaziweka juu ya ngoma ndogo, akatoa kichwa mlangoni.

"Mama Shekinah, vua viatu."

Shekinah ni binti yao, na hivyo ndivyo alivyomwita mkewe. Léocadie akauliza, "Nivue viatu, nimekosa nini?"

"Ingia humu. Chukua hicho kiti kirefu, kisukume mbele yako. Tembea toka mlangoni mpaka kwenye maikrofoni ile. Tembea kama Mama Anne-Marie."

"Wewe! Nimwigize mama wa watu nyonga yake? Mungu ananiona."

"Mungu ndiye anayetaka. Tembea."

Akatembea. Amevaa soksi ili maikrofoni zisimsikie, anasukuma kiti, hatua moja, kituo, hatua ya pili. Dhiren upande wa pili alikuwa anacheka, amezima kliki, amewasha mashine ili tu apate kitu cha kuwachekesha rafiki zake. Kisha akaacha kucheka. Léocadie anakumbuka mahali penyewe: alipopita nusu ya chumba, ngoma ilianza kupunguza mwendo. Haikukatika. Haikulegea. Ilipungua kidogo, kidogo sana, kama mtu anayetembea na mwenzake mwenye mzigo bila kumwambia kwamba anampunguzia. Na mguu wake Léocadie ulipogusa chini ya maikrofoni, ngoma ikamalizia. Pa.

Alisimama pale na kiti chake, soksi miguuni. Akamgeukia mumewe. "Kumbe siku zote ni yeye unayemngoja."

"Usiseme," alisema Déogratias. "Akijua ataona aibu."

Dhiren akabonyeza kitufe, sauti yake ikaingia. "Mzee, usiguse kitu. Hiyo ndiyo."

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hapo. Wimbo wa matoleo ulirekodiwa mara moja vizuri, bila kliki, Jumamosi ya tatu. Dhiren mwenyewe alisema hiyo ndiyo.

Wiki tatu baadaye, Jumatano, Déogratias akiwa karakanani na glavu mikononi, ujumbe uliingia. Ulitoka kwa Dhiren. "Mzee, wimbo wa matoleo nimeumaliza, ngoma nimezisafisha. Sikiliza. Kama ni sawa nifute za zamani niendelee na wengine." Déogratias akajibu palepale: "Ubarikiwe sana mtumishi." Na kapicha ka mikono iliyokunjwa.

Wimbo alikuwa hajausikiliza. Hata ujumbe aliusoma nusu. Wanaomjua wanajua kwamba ndivyo alivyomjibu kila mtu. Alimjibu hivyo fundi wa boila. Alimjibu hivyo daktari wa meno alipomwahirishia siku. Kwao, mtu akikuletea habari ya kazi ya Mungu, unambariki kwanza, mengine baadaye. Lakini Dhiren alikuwa na kwaya tatu zinazosubiri. Alisoma baraka, akahesabu ni ndiyo.

Jumamosi Déogratias alisikiliza wimbo jikoni kwake. Léocadie alikuwa anachambua maharage. Anasema uso wa mumewe ulikuwa kama wa mtu aliyeonyeshwa picha yake akaona macho ya mtu mwingine. Kila pigo lilikuwa limevutwa likawekwa kwenye mstari wake. Mwendo ulikuwa mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ile sehemu ya kupungua haikuwepo. Akampigia Dhiren, simu ameiweka sauti ya nje.

"Dhiren, mwanangu, umenifanya nini?"

"Nimekunyoosha, mzee! Kule katikati ulikuwa unachelewa."

"Sikuchelewa. Nilingoja."

"Kwenye kompyuta ni kitu kilekile, mzee."

"Basi nirudishie ile yangu."

"Si ulisema sawa? Ulinibariki."

Shekinah, aliyekuwa mlangoni, alichukua simu ya baba yake akasoma ujumbe. Akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba, Papa, mtu akikuuliza kama afute, usimjibu kwa baraka. Déogratias alikaa akitazama maharage.

Kuanzia hapo ilikuwa "nitaangalia." Léocadie analijua neno hilo kwa sauti zake zote. Nitaangalia, mzee, kuna diski ya zamani, nadhani iko kwa dada yangu. Nitaangalia, mzee, wiki hii nimebanwa. Nitaangalia, lakini waimbaji wameshaimba juu ya hii, gitaa limeshapigwa juu ya hii, nikibadilisha ngoma lazima wote warudi. Ndugu Israël naye akasema, "Papa Déo, ni wimbo mmoja kati ya kumi. Watu wanaupenda. Tuache." Déogratias akasema, "Wanaupenda kwa sababu wamekaa. Ngoja wasimame watembee." Hakuna aliyemwelewa, na yeye hakutaka kueleza, kwa sababu kueleza ni kumtaja Mama Anne-Marie na mguu wake mbele ya watu.

Siku moja Dhiren alimwonea huruma, akamwita Tottenham. Wakakaa mbele ya kompyuta saa mbili nzima. Kwenye kioo kila pigo ni kama kilima kidogo, na mistari imesimama wima kama uzio. Dhiren alishika pigo mojamoja akalisogeza nje ya mstari wake. Hapa, mzee? Bado. Hapa? Umepitiliza. Hapa je? Walisogeza mapigo sitini na kitu. Kisha wakasikiliza.

"Inachechemea," alisema Déogratias.

"Si ndiyo, mzee? Mama mwenyewe si anachechemea?" Kwa maana siku hiyo ilibidi Déogratias amweleze, mlango umefungwa.

"Mama anachechemea. Ngoma haichechemei. Ngoma inamngoja. Huwezi kumngoja mtu kwa kidole, Dhiren. Mpaka umwone anakuja."

Dhiren alijikuna kichwa. Akasema ataangalia ile diski.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Mwezi wa tatu ndiyo ile Jumamosi ya Jeff. Déogratias alikuwa mezani jikoni, wimbo ulionyooshwa unatoka kwenye simu, yeye anagonga kwa vidole juu yake. Alitaka kujua kama anaweza kuuburuza ungoje. Kila mara simu ilimtangulia. Alikuwa anaiambia ingoje. Léocadie alikuwa chumbani anakunja nguo, na anasema yeye pia alikasirika, alipaza sauti, "Baba Shekinah, achana na hiyo kitu!" Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia akiwa anasikia. Hilo linamuuma kuliko maneno ya Jeff.

Alizikwa. Watu walijaa. Dhiren alikuja msibani, akakaa na wanaume, akalia kwa kweli. Akatoka akamshika Léocadie mkono. "Mama, ile diski, nitaangalia."

Jumapili iliyofuata kanisa halikuwa na mpiga ngoma. Ndugu Israël, kwa nia njema kabisa, akaweka wimbo wa matoleo kwenye spika. Ule ulionyooshwa. Watu wakatoka kwa mstari, wakicheza, wengine wanalia. Mama Anne-Marie akatoka na fremu yake. Alipofika safu ya tatu, wenzake walikuwa wameshafika kikapuni. Alipofika safu ya pili, wimbo ukaisha. Ukumbi mzima ukanyamaza, ikabaki sauti ya fremu, tak, tak, mpaka mbele. Mtu mmoja akapiga makofi kumtia moyo, wengine wakafuata. Léocadie anasema alitamani sakafu ya shule ifunguke, amezwe.

Siku hiyo jioni Mama Anne-Marie alimpigia. "Binti yangu, mimi nimekwisha. Wiki moja tu, mguu wote umekufa. Sijawahi kuchelewa. Wewe ni shahidi, nimewahi kuchelewa?"

Léocadie alimwendea kesho yake na chupa ya chai, akamwambia. Yote. Ngoma zilizotazama njia, upepo usiokuwepo, soksi na kiti. Mama Anne-Marie alisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Miaka kumi na saba? Na mimi nilikuwa najisifu kwa daktari!" Akacheka, kisha akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

Tangu hapo hajatoka tena kwenye mstari. Wimbo ukianza, anakaa na bahasha yake mapajani. Ndugu Israël alipendekeza mtoto ampelekee. "Bahasha yangu si barua ya posta," akajibu. Israël akasema, basi tuurudie wimbo mara mbili, Mama, tukungoje. "Mningoje huku wote mnanitazama? Déo alinitazama peke yake, na sikujua. Nileteeni ngoma yangu nitatembea." Jumapili zimefika sita sasa. Bahasha anairudisha ndani ya Biblia, anaenda nayo nyumbani. Na hasemi kwa hasira. Anakaa tu.

Mama huyo ametupa ruhusa kusema haya yote hewani. Alisema, "Semeni. Aibu imekwisha, sasa nataka wimbo."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Mama Léocadie, kwa Shekinah, kwa Myriam na ndugu wote wa Uvira. Tunatoa pole kwa kwaya na kwa wenzake wa karakana. Na pole kwako pia, Jeff, maana hata ukutani kwako kumekuwa kimya. Tunawaomba kila mmoja, popote ulipo, umtafakari mtu ambaye mwendo wake umekuwa rahisi kwa sababu yako, au wewe kwa sababu yake, na hamkuwahi kuambiana.

Kwa kawaida tunafunga kwa wimbo wa marehemu. Leo hatuupigi. Mama Léocadie ametukataza, amesema ule uliopo si yeye. Tulimpigia Dhiren kabla ya kuja hewani, simu ikaita mpaka ikakatika. Tukampigia tena kipindi kikiendelea, ikaita vilevile. Kwa hiyo tunamwachia maikrofoni Mama Léocadie, naye atasema mwenyewe.

"Dhiren, ndugu yangu. Sina ugomvi na wewe. Alikubariki, na baraka yake bado unayo. Kama ile diski iko kwa dada yako, nitakuja kuichukua mwenyewe, wewe nipe tu anwani. Hata kama imeharibika mwisho. Nipe mpaka pale anapopunguza. Jumapili iko karibu, na mama wa watu ameshika bahasha. Nijibu, Dhiren. Nakusikiliza."